Kuni Zilifika Kileleni

Amoding aliteleza Ijumaa, tarehe kumi na moja Desemba 1964, alasiri, akiwa na mzigo wa kuni za serikali kichwani.

Hakupiga kelele. Ikapel, mumewe, alikuwa nyuma yake na kreti ya soda begani. Alichosikia ni kokoto tu, halafu upepo. Alipochungulia aliona leso ya njano chini kabisa korongoni, ndogo kama ua la boga. Mzigo haukwenda naye. Ulikwama kwenye jiwe, na kamba yake ya mkonge bado ilikuwa imekaza vile alivyoifunga mwenyewe asubuhi.

Mambo yalianzia Malaba. Bwana Mukhwana, afisa kijana aliyefundishwa na Wazungu kupanda majabali, aliita baraza sokoni akanyoosha kidole kuelekea Mlima Elgon. Mkesha wa Jamhuri, alisema, bendera itasimama kule, na moto utawaka karibu yake hadi watu wa Malaba na Busia wauone.

"Mtu ambaye hajafika kileleni hajui nchi yake," alisema. "Ukiwa kule roho inakuwa kubwa. Wazungu walipanda wakasema mlima ni wao. Sasa ni zamu yetu."

Watu walipiga makofi, hata Ikapel. Kisha Bwana Mukhwana akaeleza kwamba kule juu hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo wapagazi watabeba na kuni. Makofi yakafa.

"Kuni?" Oluka, jirani yake Ikapel, alicheka. "Bwana Afisa, mwanaume wa Kiteso abebe kuni? Tupe hema, tupe masanduku, hata wewe mwenyewe tutakubeba. Kuni kila mtu anajua ni mzigo wa nani."

"Basi leteni wake zenu," chifu alisema, na maneno yakaishia hapo.

Amoding alijitolea kabla ya wengine. Walipofika nyumbani Ikapel alimuuliza huo ni wazimu gani.

"Huo mlima unaniangalia kila siku nikiteka maji," alijibu akicheka. "Wacha na mimi nikauangalie. Nione mvua inatoka wapi."

Na kweli, walipoupita msitu, yeye ndiye aliyetangulia. Wanaume walihema, yeye aliuliza maswali. Ukungu ulipofunguka alisimama na mzigo wake kichwani, akashangaa mpaka machozi yakamlenga.

"Baba Apeduno, tazama! Kumbe kwetu ni padogo hivi?" Akamwonyesha mumewe ncha ya kidole. "Na chifu yuko humo ndani!"

Hata Oluka alicheka.

Kamba ya kupandia ilikuwa moja. Walipofika penye jabali la juu ya korongo, chini tu ya kilele, Bwana Mukhwana na wageni wake kutoka Nairobi walijifunga, wakavuka kwa viatu vyao vya misumari, wakapongezana. Kisha akaikunja kamba akaitia begani.

"Hii ni ya waliofunzwa," aliwaambia wapagazi akiwa upande wa pili wa jabali. "Nyinyi mmezoea. Piteni pole pole."

Jiwe lilikuwa limelowa, na maji yake yalikuwa ya barafu. Amoding alisimama.

"Baba Apeduno, nishikie hizi kuni kwanza, nivuke bila mzigo."

Ikapel aliweka kreti chini. Oluka akakohoa. Ikapel alipogeuka aliona wanaume wote wanamtazama. Akainua kreti tena.

"Vuka tu," alisema.

Baadaye Bwana Mukhwana alitazama korongo, akatazama saa, akatazama mbingu. "Tukimfuata sasa giza litatukuta. Kazi ya taifa kwanza. Kesho tutamchukua." Alikuwa ameshageuka alipokumbuka. "Na zile kuni zisibaki."

Wanaume hawakuzigusa. Wanawake waliobaki waligawana mzigo wa mwenzao.

Kuni zilifika. Ziliwaka vizuri, kwa sababu Amoding alichagua zilizokauka. Wageni walikunywa soda, wakaimba. Huku Malaba watu walikesha sokoni wakitazama juu na hawakuona kitu. Wingu lilikalia mlima usiku kucha, na asubuhi lilikuwa bado limeukalia. Bwana Mukhwana akasema hakuna njia ya kushuka korongoni, watatumwa askari wenye kamba.

Askari hawakutumwa.

Ikapel alibaki na nywele zake. Kwao mfiwa hanyolewi mpaka maiti ilale kaburini. Okiror, kaka yake Amoding, alikuja na wazee wao, akakataa hata kuketi.

"Shemeji, sisi tulikupa mtu. Tuonyeshe kaburi tulie. Kama hakuna kaburi, haya ni matanga ya nani?"

Ikapel akaenda polisi. Sajini alifungua ramani, akaifuata kwa kalamu.

"Mzee, mpaka unapita juu ya mlima. Hilo korongo liko ng'ambo. Maiti yako iko Uganda."

Akavuka daraja la mpakani, kama alivyovuka miaka yote kwenda kunywa pombe kwa shangazi yake. Afisa wa upande ule alikuwa Mteso mwenzake. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa na kiti.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini huyo ni Mkenya. Uganda aliingiaje? Alipita kwa ofisi gani? Serikali yenu iseme kwanza kwamba yuko kwetu."

Mwezi wa Machi, nywele zikiwa zimeshika masikio, Ikapel aliingia kwa Bwana Mukhwana. Bwana Mukhwana alikuwa amepanda cheo. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa yenye kioo: yeye na wageni wake, bendera, na chini ya bendera moto. Ikapel aliziangalia kuni. Kijiti kimoja pembeni bado kilikuwa na kamba ya mkonge.

"Nakuhurumia, mzee," Bwana Mukhwana alisema. "Mlima unachukua. Hata Wazungu unawachukua. Anayeupenda anajua hivyo."

"Alipenda kuuona. Hakupenda kukaa huko."

"Sasa nifanye nini? Kule ni Uganda. Nipeleke askari wetu nchi ya watu? Unataka kuniletea vita kwa ajili ya mama mmoja?"

Ikapel alikuwa bado anaitazama picha.

"Halafu wewe mwenyewe ulikuwa nyuma yake. Na soda! Si ungezibeba wewe hizo kuni?"

Karani kwenye taipureta alicheka puani.

"Soda ilikuwa ya nani, Bwana?" Ikapel aliuliza.

"Chunga mdomo wako, mzee. Karani, mwonyeshe mlango."

Karani aliinuka. Ikapel naye aliinuka, lakini hakwenda mlangoni. Alizunguka meza, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole chake chenye udongo juu ya kioo, pale ambapo mti wa bendera uliingia kwenye mawe.

"Korongo liko hapa chini ya miguu yako, Bwana. Mimi sikusoma, nieleze tu, niwaambie shemeji zangu. Siku hiyo bendera yetu uliisimika Kenya, ama Uganda?"