Daktari wa Pili

Watu walisema daktari wa mochwari ana roho nzuri, na hapo ndipo walipopotea.

Kweli, kila wiki aligombana na mganga mkuu. Alitaka feni ya kuvuta harufu, buti za mpira, glavu zisizopasuka, na daktari wa pili alipwe sawa na wanaotibu walio hai.

"Wewe na maiti wako!" mganga mkuu alifoka. "Wagonjwa wanalala chini, wewe unataka feni?"

"Wagonjwa wako wana midomo. Wangu wana mimi tu."

Feni ikaja. Lakini hakuyafanya hayo kwa huruma. Dada yake alifia kwa mumewe, mfanyabiashara wa matofali. Mume alisema kaanguka ngazini. Hapakuwa na mtaalamu wa kuuchunguza mwili, askari akaandika alichoambiwa, na kaka mtu alipofika alikuta udongo mbichi. Akaenda kusomea maiti kwa hasira. Alipohitimu ndipo akaambiwa hawezi kumchunguza ndugu yake wa damu. Lazima awe daktari mwingine, na kila aliyeombwa kutoka mbali alijibu kwamba foleni yake mwenyewe imemshinda.

Basi akamtafuta wa pili kwa udi na uvumba. Wa kwanza kuletwa alikimbia harufu. Aliyefuata, mchumba wake alimwambia achague, yeye au maiti. Safari hii akaletwa mwanamke mrefu, mcheshi, mkono wake hautetemeki. Daktari akamlea kama yai. Alimpa kiti chake, akamfundisha kuusoma mfupa, akawatimua ndugu wa marehemu waliokuja kumtisha ili aandike wanayoyataka wao.

Asubuhi moja mwanamke akaingia bila koti la kazi.

"Mzee wangu, naondoka. Mama analia. Eti nani ataioa mikono hii?"

Daktari akaweka kisu chini. "Huwezi kuondoka. Nina kaburi."

Akamweleza yote. Mwanamke akamkazia macho.

"Kumbe! Feni, buti, chai ya kila asubuhi, ulikuwa unaninenepesha kama mbuzi wa kuchinjwa?"

"Ndiyo."

"Hata kudanganya hujui?"

"Ningekudanganya ungeondoka tu. Yule bwana kila tukikutana sokoni ananichekea mbele za watu: 'Shemeji, wateja wako hawajambo? Msalimie dada.'"

"Anasema 'msalimie dada'?"

"Huku ameniwekea mkono begani."

Mwanamke akautazama mlango kwa muda. Kisha akalitoa koti msumarini.

"Mama atanivumilia. Ila sikia, nitakachokikuta ndicho nitakachosema. Ikiwa ni ngazi, ni ngazi."

"Sema hivyo hivyo."

Mahakama ikatoa kibali. Siku ya kufukua, daktari aliwekwa nyuma ya kamba kama mpita njia. Shemeji alisimama kando ya askari, jua la utosini, shati limemgandia mgongoni. Mwanamke alipiga magoti kwenye turubai, akaipanga mifupa mmoja mmoja, akisema kwa sauti ili askari aandike.

"Ubavu huu ulivunjika ukaunga. Na huu, lakini wakati mwingine. Mkono wa kushoto, vilevile." Akakiinua kifupa chembamba cha koo, akakigeuza pande zote. "Hiki kilivunjika. Hakikuwahi kuunga."

"Alianguka ngazini!" shemeji akapiga kelele.

"Ngazi haina vidole, mzee."

Shemeji akaomba kiti, askari akajifanya hakusikia. Akamgeukia daktari, sauti imeshuka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Shemeji, sisi ni familia. Mwambie aishie hapo. Tuyamalize nyumbani."

Daktari akaikazia macho shingo yake. Alikuwa ameyasubiri mapigo ya moyo ya mtu huyu, ayasikie yakienda mbio, na sasa aliyaona hapo yakirukaruka.

"Usiharakishe, Daktari," alimwambia mwenzake kwa upole. "Bado fuvu. Tuna mchana mzima."