Sahihi Arobaini na Moja

"Mimi nakuuliza polepole tu, Mama Wabwile. Nani alikutuma uniwekee sahihi?"

Nyaruai hakuwa akiuliza polepole. Tangu chai ya asubuhi alikuwa amesimama mlangoni pa Phelista, leso imekazwa kiunoni, na ploti nzima ya wapangaji pale mtaani Tuwan ilikuwa imeacha kufua ili isikie vizuri. Hata Wahu wa chumba cha mwisho, mtu wa kuwahi kamba ya nguo kabla ya wengine, alikuwa ameshika shati linalochuruzika maji kama mtu aliyesahau kamba iko upande gani.

"Ulikuwa umelala na hiyo malaria yako, Mama Tabby," Phelista alisema. "Nikaona ukikosa unga utasema nimekusahau."

"Kwa hivyo ukaniuza na pakiti ya unga."

"Sikukuuza."

"Niko hapo namba kumi na saba. Nimejiona na hii macho yangu. Na mimi jina langu siandikangi na mkia."

Wahu alicheka, kisha akakumbuka kwamba na yeye yumo, namba thelathini na nne, na mkia.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye ukuta wa choo cha soko. Uwanja wote wa nafaka, pale Phelista na Nyaruai walipokuwa wamepakana vibanda kwa miaka kumi na moja wakipima mahindi na maharagwe kwa gorogoro, umepewa kampuni. Kampuni itajenga duka la godauni, lile la kununua kwa gunia na katoni huku unasukuma kigari. Vibanda viondolewe kufikia Ijumaa. Kulingana na maoni ya wananchi, tangazo lilisema, na nyuma yake zilipigiliwa kurasa za majina na sahihi. Watu mia moja na kumi na wawili. Wa kwanza alikuwa Phelista. Na mistari arobaini na moja baada yake ilikuwa mwandiko wake.

Hakuna mtu Tuwan asiyeujua mwandiko huo. Kukiwa na matanga, Phelista ndiye hushika daftari: nani ataleta kuni, nani maji, nani sufuria kubwa. Jirani akiwa safarini Suam au yuko hospitali, haachwi nje. Phelista humwandika, mwenzake humbebea kuni zake, na akirudi anaambiwa, "Ulikuwepo." Ndivyo watu walivyokaa pamoja bila kuaibishana. Kwa hivyo yule bwana wa kampuni alipofika kwenye ukumbi wa kanisa na katoni za unga, akasema hazifunguliwi mpaka karatasi zijae, karatasi zenyewe zikiwa na mistari tu, juu hazina neno, hakuna aliyeuliza nani azijaze. Zilipita juu ya vichwa mpaka kwa Phelista. Naye alimkumbuka kila asiyekuwepo, ndipo waliokuwepo wakajiwekea sahihi zao.

"Naenda ofisini," alimwambia Nyaruai sasa, akitafuta kiatu cha pili. "Nitawaambia ni mimi niliandika. Watatoa hayo majina."

"Enda basi," Nyaruai alisema. "Na usitutengenezee mengine huko."

Karani wa ofisi ya kaunti aliitwa Kagwe. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na adabu hiyo ndiyo iliyomtia Phelista baridi.

"Hawakuwa kwa mkutano," alirudia. "Ni mimi niliwaandikia."

"Wangapi, mama?"

"Arobaini na mmoja."

Kagwe alivuta karatasi safi, akaisukuma mbele yake na kuiwekea kalamu juu.

"Andika. Mimi fulani, wa kitambulisho namba fulani, nimeghushi sahihi za watu arobaini na mmoja. Halafu uweke yako. Nakala moja naipeleka polisi."

"Na soko itarudi?"

"Soko ni faili ingine."

"Lakini hayo majina yakitoka..."

"Yakitoka yanabaki sabini na moja. Sisi tulikuwa tunataka hamsini." Alitabasamu, si kwa ubaya. "Mlijaza mpaka mkapitisha, mama. Na ule unga, mmerudisha?"

Phelista aliitazama kalamu. Mkono uliokuwa umeandika kuni na maji ya watu wote, waliokuwepo na wasiokuwepo, ulibaki mapajani. Baada ya muda Kagwe aliichukua karatasi yake na kuirudisha kwenye droo, ikiwa safi vilevile.

Njiani alimpigia simu kaka yake, Hesbon, aliye Bungoma. Hesbon aliuza maharagwe huko hadi kampuni hiyohiyo ilipofungua duka lake mwaka juzi. Siku hizi anakusanya vigari vya wateja kwenye maegesho na kuvirudisha mlangoni, kibarua cha mwezi kwa mwezi.

"Huko kwenu wamewapatia nini?" Hesbon aliuliza.

"Unga."

"Nyinyi afadhali. Sisi ilikuwa soda na mukate."

Phelista alisimama kando ya barabara. "Ulijua, na hukuniambia?"

Upande wa pili vigari vilisikika vikigongana, kimoja kikiingia ndani ya kingine.

"Ningekuambia nini, dada? Ati ni mimi nilishika karatasi? Wakifika mahali hawaulizi diwani. Wanauliza kwanza, hapa nani huandika watu wa matanga. Ngoja, ninaitwa."

Simu ilikatika.

Phelista alipita sokoni. Wengine walikuwa tayari wanang'oa mabati, wakinyoosha misumari kwa nyundo ili waitumie tena, ingawa hakuna aliyejua wapi. Waliomwona waliinama juu ya kazi yao. Aliokota gorogoro lake, bati lililobonyea kiunoni kwa miaka ya kujazwa na kupigwa teke, akaenda nalo nyumbani amelibana kwapani.

Kwenye ploti nguo zilikuwa zimeshakauka na kuanuliwa. Nyaruai alikuwa mlangoni pake, macho yamelowa kwa moshi wa jiko.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasema?"

"Nikiandika kwamba ni mimi, ni jela. Na Ijumaa iko palepale."

"Kwa hivyo hukuandika."

"Sikuandika."

Phelista alingoja matusi. Hata aliyataka; angalau ingekuwa kuna mtu anazungumza naye. Lakini Nyaruai aligeuka tu, akashika mwiko, akaukandamiza ugali pembeni mwa sufuria mara mbili, tatu, na kuupindua kwenye sahani. Leo hakuwa amefungua kibanda, kwa ajili ya ugomvi. Hakuwa na mahindi ya kupeleka posho kusagwa. Kwenye rafu juu ya jiko ile pakiti ya unga wa kampuni, ya rangi ya njano, aliyokuwa ameapa mbele ya ploti nzima kwamba hataigusa, ilikuwa imekatwa kona kwa kisu.

Watoto wake walikuwa wameshanawa. Mmoja alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Ingia, Mama Wabwile," Nyaruai alisema, bila kumtazama. "Si ni ule unga uliniandikia. Ingia tule."