Mashua Iliyonyimwa Kibali cha Kutua

Siku ya soko mjini Sindo, Caren alikuwa amemaliza kutandaza omena wake, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu na kuanza kuwageuza kwa ufagio, kivuli kilipoanguka juu yao na kukataa kuondoka. Aliinua uso akitazamia wingu. Ilikuwa mashua. Ilisimama hewani, juu kidogo ya paa la kanisa, tumbo lake likidondosha maji ya ziwa, na omena waliokuwa wameanza kukauka wakalowa upya.

"Nani ameegesha mashua juu ya omena yangu?" Caren aliuliza.

Wanawake wenzake walitazama juu, kisha wakasogeza omena wao penye jua. Mirumbe, aliyekuwa ameleta mahindi kutoka Kegonga, alisema kwamba chombo hicho kilipita kwao juzi na kunyeshea tumbaku ya jirani yake.

"Yangu ikairuka," alisema kwa uchungu. "Shamba ni moja, ua ni mmoja, lakini yangu ikairuka."

"Labda ilijua vile wewe hupunja watu mahindi," Caren alimjibu.

Kijana aliyevaa kaptura ya kaki ya mtindo wa zamani aliinama ukingoni mwa mashua, akawasalimu kwa Kiluo cha adabu, akauliza kama kibali kimefika.

"Kibali gani?"

"Cha kutua."

Caren aliagiza nyanyake aitwe. Rael alishuka kutoka mlimani polepole, kipande cha kamba kikiwa kimezungushwa kwenye kiganja chake, kama kilivyokuwa tangu kabla ya kuzaliwa yeyote aliyekuwa sokoni siku hiyo.

Mwaka vita vya Ulaya vilipoanza, Gavana wa koloni alitangaza amri ya dharura ya kudhibiti meli na ndege zote: chombo gani kiondoke, kiende wapi, kibebe nini, kitue lini. Sindo hapakuwa na meli wala ndege. Palikuwa na Nyar Sindo, Binti wa Sindo, mashua ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, kazi ya mikono ya Elkanah, baba yake Rael. Afisa wa wilaya, ambaye hakutaka kuonekana kama hakupata kitu, aliitwaa. Onyango, kifungua mimba wa Elkanah, alikuwa ndani akichota maji yaliyovuja, naye akatwaliwa pamoja na makasia. Alikuwa amemwambia dada yake mdogo ashike kamba asiiachie mpaka atakaporudi. Askari aliikata. Rael alibaki na kipande chake, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo, hakukiachia. Alipika akiwa amekishika, aliolewa akiwa amekishika, na wakunga walimzalisha wakikiruka.

Vita vilipokwisha, Elkanah aliambiwa kwamba chombo hakijulikani kilipo. Kwa haraka ya huzuni alifanya lile linalofanywa kwa mtu aliyepotelea ziwani na mwili wake usionekane: alichuma tunda la mti wa yago, refu na zito, akalizika nyumbani badala ya mwili wa mwanawe. Watu walilia ipasavyo, na Onyango akawa na kaburi. Kosa la Elkanah lilikuwa hilo tu. Onyango hakuwa amezama. Alikuwa akingoja.

"Onyango," Rael aliita.

"Nyaminwa!" kijana alijibu kutoka juu, kwa neno ambalo mtu humwita dada yake. "Umezeeka sana."

"Na wewe umechelewa. Mama alikufunikia ugali kila jioni mpaka akafa."

Onyango alimwombea mama pumziko jema. Kisha akaeleza. Maafisa walimkataza kutua ufukwe wowote bila kibali, halafu wakarudi kwao bila kukitoa. Alingoja ziwani. Mashua zenye leseni zikawa nyingi, na kila aliyekutana naye alimwuliza namba. Mwishowe aliona heri apande juu, ambako hakukuwa na wa kumwuliza.

Mohamednur, afisa wa vyombo vya majini, mtu mpole wa Garissa, alikuwa amefika na kusikiliza yote. Alisema kwa masikitiko kwamba hata huko juu kunahusika, kwa kuwa amri ilitaja maji na anga, na haikufutwa kamwe. Alipiga simu Homa Bay. Homa Bay wakampa watu wa Nairobi, na Nairobi wakathibitisha kwamba mwenye uwezo wa kutoa kibali ni Gavana peke yake.

"Si yuko hapo Homa Bay?" Caren aliuliza. "Juzi alikuja kufungua choo cha soko."

"Huyo ni wa kaunti, dada. Anayetakiwa ni yule aliyetoa amri."

"Na yule yuko wapi?"

"Cheo chake hakipo tena." Mohamednur alimgeukia Rael na kuvua kofia. "Samahani sana, bibi. Atakayeivuta mashua hii atakuwa amevunja sheria."

Rael alisema kwamba kaburi litangulie, mengine yafuate. Mtu mwenye kaburi nyumbani hawezi kuingia kwa lango la nyumba hiyo. Alimtuma Cliff, mume wa Caren, akalichimbue. Cliff alirudi akisukuma toroli, na ndani yake tunda limefunikwa leso. Lilikuwa zima, la kijani, lenye joto kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Hakuna aliyelia, maana walikwisha kumlilia zamani. Rael alilitumbukiza ziwani, nalo likazama mara moja.

Hapo mashua ikashuka kidogo, mpaka ncha ya kamba yake iliyokatwa ikamfikia Rael usoni. Aliiunga na kipande chake kwa fundo ambalo kaka yake alimfundisha.

"Bibi, tafadhali usivute," Mohamednur alisema.

"Sivuti, mwanangu. Nimeshika tu. Nilishika kabla hamjaisoma amri yenu."

Caren alimkumbatia kiunoni.

"Na wewe je?" Mohamednur alimwuliza.

"Mimi nashika dani asianguke. Ama sheria inataka nyanya yangu aanguke?"

Mwanamke mwingine akamshika Caren, na mwingine akamshika huyo, mpaka mstari ukafika kwenye vibanda vya mboga. Mirumbe aliacha magunia yake akajipanga mwishoni. "Mimi nashika huyu mama," alieleza kabla ya kuulizwa. Walisimama kama wasimamavyo watu wa Sindo wanapoleta wavu mzito nchi kavu, na kwa kuwa mstari wa namna hiyo haujui kusimama kimya, wimbo wa wavu ulianza, na miguu ikafuata wimbo, kurudi nyuma.

Mohamednur alitazama mstari ukirudi nyuma na kamba ikikaza. Kisha alifungua mwavuli wake, akasimama kando ya Rael.

"Hapana, mkubwa, sijui wanachofanya," aliiambia simu. "Mimi nimemkinga bibi na jua."

Nyar Sindo ilishuka. Ilipita paa la kanisa, ikapita nyaya za umeme, nayo ilipogusa mchanga vigelegele vilipanda mpaka vikasikika ng'ambo ya maji, na waendesha boda wote wakapiga honi kwa pamoja. Onyango aliruka chini. Rael alimpiga kofi la bega, kisha akamshika uso kwa mkono usio na kamba. Walipanda mlimani wakiimba, na Onyango akaingia kwa lango la baba yake. Alikula ugali na omena wa Caren, wa majimaji kama walivyokuwa, akauliza nani alishinda vita. Mirumbe alimjibu kwamba habari hiyo bado haijafika Kegonga.

Jioni Mohamednur alikuja kuwaarifu kwamba Nairobi wameitazama amri na kuona ingali hai. Kisheria, Nyar Sindo, pamoja na kila mashua ufukweni, zingali chini ya Gavana asiyekuwepo, na Onyango angali kazini. Hapakuwa na wa kulibadilisha hilo. Walimshukuru, wakampa chai, akanywa vikombe viwili.

Asubuhi mashua za Sindo ziliingia ziwani kama kawaida, zote bila kibali. Rael aliketi kando ya Nyar Sindo, kamba mkononi.

"Sasa iachie," Onyango alimwambia. "Nimerudi."

Vidole vilikuwa vimezoea kujikunja. Alivifungua kimoja baada ya kingine. Kamba ilianguka mchangani. Mashua haikwenda popote. Caren aliizunguka, akaona kwamba ndani mwake jua linaingia vizuri, akaanza kutandaza omena.