Mikono Chini ya Meza ya Pasi

Saa kumi kasorobo alasiri, shuka la mia mbili na kumi likiwa mezani, kigimbi cha mpiga pasi kilimkaza. Aliisimamisha pasi, akashika ukingo wa meza na kusubiri.

Chini ya meza ikatoka mikono ya mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Iliishia kwenye viwiko. Wa kushoto ulishika kisigino. Wa kulia ukavirudisha vidole vya mguu taratibu kuelekea kwenye goti, ukavishikilia hapo. Haukuvuta kwa pupa. Msuli ulioshtuka, mama alizoea kusema, ni kama mtoto mwenye hasira: ukiufokea unazidi. Ulipoanza kulegea, mikono ikauchua, ikaukanda kwa kitambaa cha moto, kisha ikamsogezea kikombe cha maji.

"Shikamoo, mama," alisema mkunjaji wa mashuka.

Mkono wa kulia ulijiinua kidogo, maana yake marahaba.

"Ukimaliza huko, wangu nao unaninyemelea."

"Panga foleni, shoga," alisema mpiga pasi.

Mikono ilinuka wanga na sabuni ya mche. Zamani mama alirudi na harufu hiyohiyo, akalala kifudifudi mkekani, na yeye, msichana wa miaka sita, akapanda pekupeku juu ya vigimbi vyake. "Kanyaga, mwanangu," mama aliguna, "lakini kumbuka mimi si ngazi." Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama alikuwa amesimama kwenye meza hii miaka ishirini na miwili. Ukutani palikuwa na kibao kilekile: STULI HULETA UVIVU. MAJI NI SAA SITA. Wanawake wote walijua kinachowakaza misuli: kusimama saa kumi mfululizo, kutoka jasho kwenye mvuke, kunywa tone. Wiki ile waliandika barua ya kuomba stuli nne na maji kila saa. Wakaipitisha meza kwa meza, mpaka ikakwama kwa mpiga pasi.

"Tia sahihi, mwenzetu," alisema mkunjaji. "Au unamwogopa msimamizi?"

"Simwogopi."

"Sasa?"

Mpiga pasi alitazama chini ya meza. Mikono ilikuja kwa aliyekazwa tu. Nyumbani alishajaribu: aliketi kitandani, akanyoosha mguu mzima, akangoja. Hakuja mtu.

Mkunjaji akaelewa, akamwekea kalamu juu ya barua.

Kabla kalamu haijagusa karatasi, msuli ulikaza tena. Mikono ilitoka, lakini safari hii iliuacha mguu ukiuma. Ilipanda mezani, ikapapasa mpaka kwenye wino wa kuwekea alama mashuka. Mama hakujua kuandika. Dole gumba likalowa, likakandamiza mwisho wa barua kwa nguvu. Kisha mkono ukamsukumia binti kalamu.

Akatia sahihi, machozi yakimtoka. Mguu ulikuwa unauma kweli.

Msimamizi aliisoma barua akiwa ameketi kwenye kiti pekee cha jengo lile. Alilitambua dole gumba lililokuwa likitiwa kwenye daftari la mshahara miaka yote ile.

"Huyu wa mwisho alishatoka kwenye orodha ya wafanyakazi," alisema. "Barua yenye mtu wa nje si halali." Akaikunja mara nne. "Na stuli za nini, jamani, mkiwa naye wa kuwanyoosha? Mwambieni awe anafika saa moja asubuhi, kama wenzake."

Kesho yake mpiga pasi alificha chupa ya maji nyuma ya mashuka machafu, akanywa kila saa, mafunda mawili mawili. Alipopata upenyo aliegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, akaunyoosha msuli kama alivyofundishwa. Saa kumi kasorobo ikafika, ikapita. Kigimbi kilikaa kimya.

Meza ya pili mkunjaji aliguna.

"Aa, hapohapo, mama," alisema. "Pole na wewe. Umeshika watano tangu asubuhi."

Mpiga pasi alivuta shuka jingine. Hakugeuka. Mama alikuwa kazini.