Ruhusa ya Ntumba

Ntumba alianza kwa kumchukia Tata Numbi. Huyu alikuwa inspekteri wa kazi mjini Kolwezi, jimbo la Katanga, mtu mwembamba aliyetokea upande wa Manono, kaskazini, Mprotestanti asiyecheka ovyo. Mara ya kwanza binti alipofika ofisini kwake kuomba ruhusa ya kufanya kazi, alimrudisha. Mara ya pili akamrudisha tena.

Ntumba alikuwa na miaka kumi na mitano, bado anasoma sekondari. Baba yake alikuwa amefariki, na kule mtaani Kapata walikoishi, kampuni iliyomwajiri marehemu ilikuwa imelala chali: karakana kimya, zahanati haina hata panado, mishahara haijulikani ilikopitia. Mama Godelieve, aliyekuwa na tanuri la mikate karibu na soko la Manika, alikuwa tayari kumchukua awe anauza baada ya masomo. Lakini inspekteri alitaka kusikia ridhaa kwa mdomo wa mama mzazi. Alitaka daktari ampime kifua. Alitaka mkuu wa shule athibitishe kwamba masomo hayatavurugika. Hata alipokubali, alimwonya Mama Godelieve kwamba mtoto asikae mbele ya moto, asibebe magunia ya unga, na giza lisimkute kazini.

Ntumba alitoka pale amefura. Watoto kibao walikuwa wakisomba makaa na mawe njiani, wala hakuna aliyewauliza lolote. Yeye, aliyetaka kuuza mikate tu, ndiye aliyekaguliwa kama mbuzi wa sokoni.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Maneno yalianzia kwenye mikutano ya chama cha siasa cha Wakatanga, yakashuka hadi kwenye foleni za maji: watu wa Kasai warudi kwao. Bilulu, waliwaita, yaani wadudu, na mmoja wao kilulu. Ntumba alizaliwa Kapata. Babu yake ndiye aliyeletwa na treni zamani za Wabelgiji, aje achimbe shaba, na Kasai yenyewe Ntumba aliijua kwa simulizi za mama yake tu. Hilo halikumsaidia mtu. Asubuhi moja vijana wa chama waliwatoa nyumbani, wakawaruhusu kuchukua sufuria na magodoro, na jioni yake mama yake Ntumba, Mama Mbuyi, na wanawe watatu walikuwa stesheni, chini ya kipande cha plastiki, katikati ya umati ambao mwisho wake haukuonekana. Treni ya kuwapeleka Kasai ingekuja lini, hata mkuu wa stesheni hakujua. Surua ilikuwa imeshaingia. Kila siku kulikuwa na mama anayelia mahali fulani, na watu waliacha kugeuka kumtazama.

Shule ilikuwa imefungwa, maana nusu ya walimu walikuwa pale pale stesheni. Basi Ntumba akaendelea kwenda kazini, sasa asubuhi, akipita vichochoroni kabla vijana hawajaamka kukaa kwenye vizuizi vyao vya barabarani. Mama yake hakutaka. Lakini mdogo wake wa mwisho alikuwa amelala anachemka kwa homa, na Mama Godelieve alikuwa anampa mikate iliyobaki kila siku. Njaa haina kizuizi.

Siku vijana walipomfuata ilikuwa ya mvua. Ntumba alikuwa anapanga mikate kwenye rafu aliposikia viatu vingi mlangoni, na sauti aliyoifahamu ikimsalimu Mama Godelieve kwa adabu. Alikuwa Dady, waliyekaa naye dawati moja mwaka uliotangulia. Ntumba akajibanza nyuma ya magunia ya unga.

"Mama, hatukuya kukutesa," Dady alisema. "Tunamutafuta Ntumba tu. Hawa bantu banapashwa kutoka mu kazi yote."

Mama Godelieve akajibu kwamba huyo ni mtoto, tena yatima, na kwamba yeye, Mluba wa Katanga, hawezi kufundishwa na watoto wa jirani nani wa kumpa kazi. Kijana mwingine, mwenye kipande cha chuma mkononi, akaangusha rafu kwa pigo moja. Mikate ikatawanyika sakafuni. Ndipo Ntumba, akichungulia, alipomwona mtu aliyesimama nyuma yao na mwavuli unaochuruzika maji. Alikuwa Tata Numbi. Walikuwa wamemtoa ofisini, wamekuja naye ili afute ruhusa kwa mkono wake na kazi yao ionekane ya serikali.

Ntumba akarudisha kichwa nyuma ya magunia. Aliona yule aliyempa kwa shingo upande sasa amekuja kumnyang'anya kwa moyo mkunjufu.

"Mutoto atoke," Tata Numbi alisema. Hakupaza sauti.

Ntumba akatoka, unga umemjaa kifuani. Inspekteri alimtazama kama alivyomtazama siku ile ofisini, kana kwamba anatafuta kasoro. Akatangaza kwamba ruhusa imefutwa tangu saa hiyo. Vijana wakacheka, na mwenye chuma akanyoosha mkono amshike binti. Tata Numbi akaweka mwavuli katikati yao.

"Ngoja. Huyu haiko mukubwa. Mutoto mwenye alipewa ruhusa na biro yetu ya kazi, ni biro inamurudisha mu mikono ya muzazi wake. Mbele ya kumufikisha pale, akivunjika hata kidole, mwenye kuwa naye ndjo atajibu kwa tribinali. We unataka kumupeleka? Sawa. Sema jina yako, na jina ya baba yako, Mama Godelieve asikie."

Kijana akarudisha mkono. Tata Numbi akamgeukia Dady, akamuuliza hivyo hivyo. Dady alitazama mikate iliyotapakaa chini. Hakuna aliyetaja jina. Mvua iliwanyeshea waliobaki nje, na mmoja wao akaanza kunung'unika kwamba wanapoteza wakati.

"Basi nitamupeleka mi mwenyewe," inspekteri akasema.

Mama Godelieve aliokota mikate, akaipangusa, akaijaza kwenye mfuko wa unga, akamkabidhi Ntumba. Wakatoka. Vijana wakawafuata kwa nyuma, si mbali, wakiimba. Tata Numbi alimshika binti kifundo cha mkono kwa nguvu hata kikauma, na Ntumba alidhani ni ukali wake ule ule. Walipokaribia reli ndipo alipotambua kwamba kila wimbo uliposogea karibu, mkono ule ulimvuta mbele, mbali na vijana.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa cha watu wazima, na walikuwa wamekunywa. Inspekteri akarudia maneno yake kwa sauti ile ile ya ofisini: mtoto, ruhusa, mzazi, mahakama. Mmoja akamuuliza anazungumza lugha gani nyumbani kwake. Akajibu, Kiluba cha Manono.

"Sasa juu ya nini unabeba kilulu?"

"Niko nabeba mutoto," Tata Numbi alisema.

Kofi lilimrushia miwani matopeni. Akainama, akaiokota bila kumwachia Ntumba mkono, akaivaa ilivyo. Wakawanyang'anya mfuko wa mikate. Huku wakigombania kilichomo, Tata Numbi akamwambia binti kwa kunong'ona atembee, asikimbie, asigeuke. Wakapita.

Mama Mbuyi alikuwa amesimama juu ya sanduku, anatazama barabara. Alipowaona alishuka, akawakimbilia. Inspekteri akautoa mkono wa Ntumba kwenye wake, akauweka kwenye wa mama.

"Mama Mbuyi, mutoto wako huyu. Niko namurudisha muzima."

Akataka kuondoka. Ntumba akamwuliza kama sheria ile ipo kweli. Tata Numbi alijifuta tope usoni, akafikiri kidogo.

"Nusu iko," alisema, akarudi kwa njia ile ile, mwavuli umefungwa.

Baadaye mtawa mmoja aliyeleta maji stesheni aliwaletea habari. Tata Numbi alikuwa amefukuzwa ofisini, akaambiwa si Mkatanga wa kweli, na alikuwa amehamia Sandoa kwa wakwe zake kulima muhogo. Mama Mbuyi alimwombea kila jioni, akimtaja kwa jina lake lote, hadi treni ilipokuja.

Ilikuja bila kutangazwa, mabehewa ya mizigo matupu, na watu wakapandana. Yule mdogo aliyeugua alisafiri kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Ntumba. Kila treni iliposimama porini na watu kushuka na majembe kuzika wafu wao, Ntumba aliinamisha sikio kwenye kinywa cha mtoto kusikiliza pumzi. Homa ilishuka kabla hawajafika Mwene-Ditu, ndani ya Kasai. Mtoto akaomba maji, kisha akaomba chakula, kisha akalalamika kwamba amebanwa.

Mwene-Ditu walipokelewa na wanawake wenye vyungu vya uji. Mmoja alimwuliza Ntumba jambo kwa Kiluba cha Kasai, kwa upole, akingoja jibu. Ntumba alielewa neno moja moja. Akashukuru kwa Kiswahili, na wanawake wote wakageuka kumtazama kama mgeni.