Mstari wa Majina Mengine

…na mstari ule ulikuwa bado mtupu, wa nne kutoka juu, majina mengine uliyowahi kutumia, na Wilford Etsitty alikuwa ameikunja karatasi ya kuombea makosa yake yafutwe mara mbili ili mstari uangukie ndani usimtazame, lakini kukunja si kufuta, aliupapasa kwa kidole gumba juu ya karatasi kama mtu anavyopapasa jino bovu kwa ulimi, huku karani mwenye sharubu akisimama kando ya meza ya mikate na kuita jina la kwanza la asubuhi hiyo, akalitafuna, watu wakacheka, mwenye jina akalisahihisha bila hasira akaenda mbele… mahakama ndani ya bwalo la chakula la kituo cha wasio na makazi, Phoenix, nani angeamini, pale alipoketi jaji ndipo jana yeye Wilford alipopakuliwa maharage, harufu haijatoka bado, na bendera imesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga kwa kuwa kitako chake kimesahauliwa mjini, na Jaji Haverty amevaa joho jeusi na chini ya joho viatu vya raba, mama wa miaka sitini na ushei, yeye ndiye aliyesema, hivyo ndivyo wasimuliavyo hapa, kwamba watu wasio na makazi hawafiki mahakamani si kwa kiburi, ni kwa sababu mlangoni huambiwa mifuko haiingii, na mtu asiye na nyumba mfuko wake ndiyo nyumba, nani ataiacha nyumba yake barabarani akamsalimie jaji, basi kama hawaji nitakwenda mimi, na kweli huja, kila mwezi, na leo mifuko yote imepangwa ukutani na mbwa wawili wamefungwa kando yake, na askari wa mlangoni, mwenye bastola kiunoni, amepiga magoti anawawekea mbwa maji kwenye bakuli la supu… "Chifu, hiyo karatasi ukizidi kuikumbatia itaota mizizi," akasema Dorcas Pruitt, mwanamke wa kiti cha kushoto, anayejaza fumbo la maneno la gazeti kwa kalamu ya wino kama mtu asiyetarajia kukosea, na yeye ana makosa matatu ya kulala kituo cha basi na moja la kusukuma toroli la duka, hilo la toroli hulitaja kwa fahari kama aliyeiba gari moshi, na Wilford akamwambia kwa mara ya tatu tangu kahawa ya asubuhi, "Mimi si chifu, mama. Naitwa Wilford," naye, ambaye kwake kila Mhindi Mwekundu ni chifu, akasema haya, Chifu Wilford, halafu akarudi kwenye fumbo lake, herufi saba, mdudu wa jangwani, na Wilford akarudi kwenye karatasi yake kwa sababu alikumbuka kwamba katika bwalo zima hakuna mwenye haki ndogo kuliko yeye ya kumkemea mtu juu ya jina…

kwa maana jina alilichukua mwenyewe, hakusukumwa, ilikuwa alasiri, kwenye nyasi za bustani moja huko Mesa, mji wa jirani, joto la kuyeyusha soli, na askari kijana mwenye adabu alimgusa mguu akamwambia mzee, hapa hapalaliwi, unaitwa nani, na jina lake mwenyewe lilikuwa tayari na hati ya kukamatwa kutoka Glendale kwa kutofika mahakamani, akilitaja analala rumande, basi ulimi ukashika jina lililokuwa karibu, jina alilolala nalo juu ya ngozi moja ya kondoo tangu utoto, jina la mdogo wake, na tarehe ya kuzaliwa akaitaja bila kusita, miezi kumi na minne baada ya yake, na askari akaandika, akampa nakala, akamtakia siku njema, jambo jepesi hivyo, na kwa kuwa lilikuwa jepesi akalirudia Tempe, akalirudia tena kando ya mfereji, mara tatu, na mara zote tatu hakwenda mahakamani, ataendaje, si yeye aliyeitwa, na zile karatasi zikageuka hati, na hati zikapanda kaskazini zenyewe kama moshi hadi Many Farms, kwao, mwendo wa nusu siku kwa gari, zikamkuta mdogo wake akiendesha gari la shule, mtu asiyewahi kulala bustanini hata kwa mzaha, wakamsimamisha, wakamwonyesha, wakamnyang'anya leseni, naye akapiga simu siku hiyohiyo, anacheka, alikuwa mtu wa kucheka, akasema, "Kaka, kuna mtu huko Phoenix analala usingizi wangu. Ukimwona mwambie anirudishie, mimi huku silali"… na Wilford alicheka pia, hilo ndilo, alicheka, akasema nikimwona nitamwambia, na mpaka leo hajui kama yule mdogo alijua na alikuwa akimpa kaka yake mlango wa kutokea, au hakujua, na hakuna tena wa kumwuliza, kwa sababu mtu asiye na leseni hutembea, alianza kutembea kila alfajiri hadi barabara kuu akaomba lifti ya kwenda kazi nyingine ndogo aliyoipata, na Januari, barabara ikiwa kioo cha barafu, gari moja likateleza likamwendea akiwa amesimama na kidole gumba juu, kidole hikihiki, wote wawili walikuwa na kidole gumba kifupi cha mama yao…

"Wamempigia makofi, umeona," akasema Dorcas, na ni kweli bwalo zima lilikuwa linapiga makofi, kwa bwana aliyeitwa kwanza, Ansel Boudreau, mchomea vyuma, karatasi tisa za makosa kutoka miji minne ya bonde hili la Phoenix, zote zimeletwa hapa katika folda moja badala ya mtu kuzunguka miji kama mwuza sabuni, na Jaji Haverty hakumwuliza ulifanya nini bustanini, alimwuliza umefanya nini tangu hapo, ndivyo wanavyofanya hapa, kwanza husomwa barua ya mambo mema, siku ngapi hujagusa chupa, saa ngapi umeosha vyombo, darasa gani umemaliza, na Ansel akatoa mfukoni kipepeo cha chuma alichokichomea mwenyewe akakiweka mezani, jaji akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua, akasema faini yako, Bwana Boudreau, naona umeshailipa kwa mikono, na mwendesha mashtaka, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, akasema hatuna pingamizi, ukaisha, miaka sita ya kukimbia imekwisha kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na Ansel alibaki amesimama hajui aende wapi, mtu aliyezoea kufukuzwa akiachiwa hupotea kidogo… na hayo yote yanafanywa na watu wasiolazimika, wakili Bi Marisela Quihuis, yule pale ukutani mwenye faili kifuani, Jumatatu hadi Jumatano yuko kwenye ghorofa za vioo anatetea wenye viwanja, Alhamisi huja hapa akaketi juu ya kreti la maziwa, halipwi, na miezi minne amemwandikia Wilford barua moja akiichonga kama fundi, gari la kituo alilolifufua, mikutano tisini ya watu walioacha pombe, hajakosa hata mmoja, na siku ya kwanza kabisa alimwuliza, kuna jina jingine, Bwana Etsitty, niambie hata kama ni la aibu, nisichokijua siwezi kukifuta, na Wilford akamtazama yule binti usoni, mwenye macho ya uchovu na wino kidoleni, akasema hakuna…

kwa sababu makosa ya kulala nje ni madogo, haya ndiyo yanayofutwa hapa, lakini kumdanganya askari jina si kosa la bustani, hilo lina uzito wake, hakuna aliyemwahidi kwamba litafutwa, huenda kijana mwenye koti kubwa akasema hapo sasa tuna pingamizi, na leo ikiharibika harudishiwi leseni yake iliyozuiwa, na bila leseni nani atampeleka mama hospitali ya Chinle mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, sasa hivi anapelekwa na jirani na jirani ameanza kukohoa anapoombwa, mama wa miaka themanini na moja anayengoja mlangoni na kitambaa kichwani, naye Wilford ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki… na juu ya hilo kuna jambo ambalo halielezeki kwa Bi Quihuis wala kwa mtu yeyote wa mjini, kwamba kwao, kwa kabila la Wanavajo, jina la aliyekufa haliitwi, liliachwa kaburini pamoja na tandiko lake, mwaka wa tatu sasa hakuna aliyelitamka Many Farms, mama husema aliyekuwa mdogo wako, basi, kwa maana anayeitwa hugeuka, na aliyekwisha kushika njia hatakiwi kugeuka, sasa aliandike, karani yule mwenye sharubu asimame alitangaze juu ya meza ya mikate, alitafune, watu wacheke… la, mstari ubaki mtupu, Wilford aitwe, Wilford afutiwe, Wilford aende nyumbani, aliyelala amelala…

"Delphine Okerlund," akaita karani, na hakuna aliyesimama, akaita tena, na mara ya tatu akapaza sauti kuelekea ukumbini, Delphine Okerlund, mpaka mwanamke mmoja kule kwenye mifuko akainua mkono nusu kama mwanafunzi, akasema taratibu kwamba Delphine alifariki, mheshimiwa, mwezi wa pili, hospitalini, alikuwa na namba ya leo, alikuwa ameshonewa hata gauni la kuja nalo, na mbwa mmoja akasikika akinywa maji, na Jaji Haverty akavua miwani, akamwambia karani, si kwa sauti ya mahakama, kwa sauti ya mtu jikoni, "Yafute yote. Na usiliite tena jina hilo. Mtu akishakwenda hatumwiti, tutakuwa tunamsumbua." Karani akachukua rula akapiga mstari. Na Wilford akainua kichwa, kwa sababu yale ni maneno ya bibi yake, yaleyale, neno kwa neno tutakuwa tunamsumbua, yamepitaje mpaka kinywani mwa mama huyu wa Kizungu mwenye viatu vya raba… hatumwiti… basi nani anamwita yule mwingine, na jibu likaja lenyewe, wanamwita, kila siku wanamwita, hati tatu ziko hai, Mesa, Tempe, na kule mferejini, hakuna aliyeziambia kwamba mwenye jina ameondoka, kila askari anapotafuta kwenye mashine ya garini jina lile linang'aa, fika mbele ya mahakama, fika mbele ya mahakama, miaka mitatu watu wa Many Farms wamelifunga kinywani na miaka hiyohiyo mji mzima huku chini unaliita usiku na mchana, na aliyelianzisha ni yeye… mama alisema kwenye simu, wakati wa Krismasi, kwamba humwona aliyekuwa mdogo wako amesimama mlangoni, haingii, haondoki, kama mtu aliyesikia akiitwa na hajui na nani, na Wilford alimwambia ni dawa mama, dawa za damu huleta ndoto… dawa… ndiye mimi, mama, mimi ndiye ninayemwita, nimemwacha amesimama kwenye barafu na kidole juu… na mstari ule mtupu sasa hakuuona kama mdomo unaotaka kupiga kelele, aliuona kama rula ya karani, mahali pa kupigia mstari, na kuhusu leseni, kuhusu kijana mwenye koti, kama atakuwa na pingamizi na awe nalo, Bi Quihuis atakunja uso, atastahili kukunja, kisha ataketi tena juu ya kreti lake, Wilford amemwona akirudi kwa watu waliomdanganya zaidi ya hivi, na mama, mama angepanda punda kwenda Chinle kuliko kupelekwa na gari lililolipiwa na usingizi wa mwanawe…

"Mama, niazime kalamu," akasema, na Dorcas akamtazama juu ya miwani, herufi saba zake hazijapatikana, akampa, akasema itunze, ndiyo mali yangu pekee isiyo na kesi, naye akaikunjua karatasi juu ya goti, akaandika, polepole kwa mwandiko wa shule ya bweni, jina la kwanza, na lile la katikati alilopewa na padri ambalo hata askari hawakuwa nalo, na la ukoo lenye t mbili zinazofuatana, asije mtu akafuta mwingine, hakulitamka, midomo yake haikutikisika, na pembeni, padogo, akaandika amekwenda, tafadhali lisisomwe kwa sauti, kisha akaikunja tena, safari hii mstari ukabaki nje, akainua mkono Bi Quihuis amwone. Karani akaita jina jingine, si lake bado, akalitafuna. Dorcas akachukua kalamu yake akaifutia kwenye sketi, akainama upande wake. "Umeandika nini kirefu hivyo, Chi… Wilford?" "Usingizi," akasema. "Wa mtu. Naurudisha."