Bi Isabela Aliyeishi Miaka Mia Sita

“Mia nane khamsini na saba,” alisema Mzee Marhoun, akaigonga fimbo yake chini kama kadhi. “Nimeusoma mwaka huo kitabuni kwa macho yangu haya.”

“Basi kitabu chako kina njaa, kimekula miaka,” alijibu Bwana Duni. “Mji wa Kostantinia umetekwa na Waturuki mwaka elfu moja mia nne khamsini na tatu. Mtoto wa skuli anajua hilo.”

“Waniita mwongo, Duni? Mbele za watu?”

“Sijakuita. Umejiita mwenyewe.”

Walikuwa barazani kwangu, asubuhi, kahawa bado ya moto vikombeni, na nusu ya mtaa wetu hapo Chake Chake ilikwisha simama kusikiliza. Mwaka ule wa khamsini na tisa watu walikuwa wakigombania vyama hata kisimani, hata msibani, kwa hiyo kila aliyepita alidhani ni siasa. Jirani mmoja akaniinamia sikioni, “Bi Mwatum, nani kati yao kahama chama?”

“Hakuna aliyehama,” nikamwambia. “Wanawagombania Waturuki waliokwisha kufa zamani.”

Akaenda zake kavunjika moyo.

Sababu ya yote alikuwa Mwanapili, mtoto wa dada yangu, mwenye kuniita khaloo, aliyekuja kukaa kwangu kutoka Chokocho ajitayarishe na mtihani. Chuo kimoja cha ualimu huko Unguja kilikuwa kinachukua wasichana wawili tu, Pemba nzima, na mtihani wenyewe, uliofanywa hapa hapa Chake, ulikuwa wa kusema kwa mdomo mbele ya meza ya walimu watatu: historia ya dunia tangu zama za kati mpaka leo. Mwaka wa nyuma alijaribu akakosa. Sheria ya chuo haikumpa mtu mara ya tatu. Jumatatu ile ikimpita, basi imempita.

Mie sikusoma. Nilichonacho nimekipata barazani na sokoni. Lakini nyumba yangu haijapata kukosa watu, nikasema mtoto huyu hatakosa walimu. Kulia kwangu yuko Mzee Marhoun, ambaye babu yake alitoka Omani. Mikarafuu yao imebaki nusu, lakini sanduku lao la vitabu vya Kiarabu limebaki zima. Kushoto yuko Bwana Duni, Mpemba wa tangu na tangu, karani mstaafu wa bandari, mwenye kitabu kimoja kinene cha Kiingereza alichokivika gazeti kisichafuke. Nikawaomba wote wawili. Asubuhi Mzee Marhoun alimsomesha mambo ya kale: Wamongoli walivyoingia Baghdadi, Waturuki na Kostantinia, Waarabu wa Andalusi na mji wao wa Granada. Alasiri Bwana Duni akaendelea na Wareno, wafalme wa Ulaya, Wafaransa waliomkata mfalme wao kichwa, mashine za mvuke, mpaka vita viwili vikubwa.

Sisi wanawake tulikuwa uani tukichambua karafuu, masikio yako kwao. Wallahi sijapata kuonja utamu kama ule. Nilidhani historia ni hesabu ya miaka, kumbe ni umbea mtupu, tena umbea ambao wenyewe hawawezi kuja kukusuta. Fulani kaoa kwa fulani ili apate ardhi. Fulani kamfunga mamaye. Bi Mize, shoga yangu, aliacha mchuzi ukaungua siku ya yule mfalme wa Waingereza.

“Wake sita?” alimuuliza Bwana Duni kupitia dirishani.

“Sita. Na wawili kawakata shingo.”

“Na wazee wa wale wanawake walikuwa wapi? Walikuwa hawana kwao?”

Bwana Duni alisema jambo hilo halimo kitabuni. Bi Mize akasema basi aliyekiandika hakuuliza vizuri.

Sasa siku ya Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, Mwanapili alikuwa anasoma kwa sauti daftari lake jipya. Alikuwa amenakili masomo ya walimu wote wawili na kuyapanga kwa miaka, mdogo mbele mkubwa nyuma. Bwana Duni akafika mapema kunywa kahawa, akasikia “Kostantinia, mia nane khamsini na saba,” akauliza nani kamfundisha upuuzi huo. Na aliyefundisha alikuwa kasimama mlangoni kwake, hatua tano tu.

Utasema, watu wazima wawili waliosoma, vipi hawakuliona lililokuwa mbele yao? Mtu akishatiwa aibu hadharani hata njia ya kwake humpotea.

“Mtafutie mwalimu mwengine, Bi Mwatum,” alisema Mzee Marhoun. “Mwongo hasomeshi.”

“Na mie sijengi juu ya uwongo,” alisema Bwana Duni.

Mmoja kulia, mmoja kushoto, milango ikafungwa. Mwanapili akabaki na daftari mapajani.

“Khaloo,” akaniambia, “nusu ya hili daftari ni uwongo na sijui nusu ipi. Jumatatu nitasema nini?”

“Hebu iache miaka,” nikamwambia. “Nisomee watu.”

Tukakaa uani, Bi Mize na wengine wamezunguka, nyungo za karafuu mapajani. Akasoma. Mwaka mia nane tisini na saba, mfalme wa Granada akatoa funguo za mji kwa malkia Isabela na mumewe Fardinandi.

“Huyo ndiye ambaye kaka yake alikataa aolewe, akaolewa kwa siri?” nikauliza.

“Ndiye. Mzee Marhoun alisema kaka mtu alipandwa na mori.”

Akaendelea. Karatasi zikapita, miaka ikapita, mpaka akafika elfu moja mia nne tisini na mbili: baharia Kolombo kaenda kuomba merikebu kwa malkia wa Hispania, akavuka akaiona Amerika.

“Malkia yupi?”

“Isabela wa Bwana Duni. Yule ambaye bwana harusi wake alikuja kajigeuza mtumishi, analisha nyumbu wa wenziwe njiani, asitambulikane mpaka ndoa ipite.”

“Jina lake bwana harusi?”

“Ferdinandi.”

Nikauweka ungo chini. “Mwanapili. Maisabela wawili, malkia wote. Mafardinandi wawili. Harusi mbili, na zote za kujificha?”

“Labda mjukuu kapewa jina la bibi yake,” alisema Bi Mize.

“Jina, haya. Na mume je? Na kujificha kule? Mie miaka inanipita, Mize, lakini harusi hainipiti. Huyu ni bibi mmoja. Na kama ni mmoja, ameuteka mji mwaka mia nane na ngapi huko, akatoa merikebu elfu moja mia nne na ngapi. Kaishi miaka mia sita, au vipi?”

Wanawake wakacheka. Mwanapili hakucheka. Alikuwa kashika ukurasa mmoja mkono huu, mwengine mkono huu, macho yanakwenda na kurudi.

“Khaloo,” alisema taratibu, “mwaka wa Mzee Marhoun ni wa Hijra.” Kisha akasimama, karafuu zikamwagika uani kote. “Ni mwaka mmoja. Ni mwaka ule ule mmoja.”

Nikawataka walimu wote wawili papo hapo, na njia ya kuwapata naijua. Nikapeleka maneno kulia kwamba Duni yuko kwangu anatamba kashinda. Nikapeleka kushoto kwamba Marhoun yuko kwangu anatamba kashinda. Kahawa haikuwahi kuchemka. Wote wawili walikuwa uani wanatweta.

Mwanapili akawaeleza. Mzee Marhoun akakaa juu ya kinu.

“Mwaka wa mwezi ni mfupi,” alisema. “Hupungua siku kumi na moja. Miaka yetu thelathini na mitatu ni thelathini na miwili ya jua.”

“Hilo nalijua,” alisema Bi Mize. “Ndiyo maana Ramadhani huzunguka, leo iko kwenye mavuno, kesho iko kwenye masika.”

Bwana Duni alikwisha okota mkaa, anaandika sakafuni. Mia nane tisini na saba, gawa kwa thelathini na tatu: ishirini na saba. Zitoe, unabaki na mia nane sabini. Tia mia sita ishirini na mbili, mwaka wa Hijra yenyewe. Akaandika jawabu: elfu moja mia nne tisini na mbili.

“Jaribu Kostantinia,” alisema Mzee Marhoun.

Akaijaribu. Elfu moja mia nne khamsini na tatu, kamili.

Wakatazamana. “Kumbe hukuzua,” alisema Mzee Marhoun.

“Wala weye hukuzua, yakhe. Nisamehe.”

Vigelegele vilivyopigwa hapo, watu walikuja wakidhani nimeposwa. Siku mbili zile uani kwangu palikuwa kama sikukuu. Kila aliyeingia alileta mwaka wake ugeuzwe, na Mwanapili akaugeuza, kwanza kwa mkaa, kisha kwa vidole, mwisho kichwani tu. Baghdadi ikageuka ikawa elfu moja mia mbili khamsini na nane. Bi Mize aligeuza mwaka wake wa kuzaliwa, hakuupenda, akaomba wa zamani.

Jumatatu akaenda. Alirudi akasema, “Wameandika tu, hawakusema kitu.” Jumanne kimya. Jumatano, kabla ya adhuhuri, nyumba imejaa watu wanaojifanya wamekuja kwa jambo jengine, tukasikia hodi. Mwanamke mgeni, miwani, lafudhi ya Unguja, bahasha mkononi. Mwanapili alipomwona akashika nguzo. Alikuwa Bi Ghania, mmoja wa wale watatu wa mezani.

“Nilimuuliza jambo moja la mwaka elfu moja mia nne tisini na mbili,” Bi Ghania alituambia, bado kasimama kizingitini. “Akanipa mawili, Granada na Kolombo, yote ya bibi mmoja, na mwaka wake wa Hijra juu yake. Miaka kumi na moja nimesomesha, sijapata mwanafunzi kunijibu hivyo. Nikaona barua nisiipeleke posta. Nafasi ya kwanza ni yake.”

Sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Nakumbuka Mwanapili kakaa chini sakafuni analia na kucheka, na wanawake wamemwangukia.

“Lakini ile habari ya harusi ya siri,” aliendelea Bi Ghania zogo lilipopungua, “wenzangu hawakuamini. Nani kamsimulia?”

“Mie,” alisema Mzee Marhoun. “Habari ya yule kaka mkorofi ni yangu.”

“Na nyumbu?” alidakia Bwana Duni. “Habari ya nyumbu kamwambia nani? Bila nyumbu hapana harusi hapo.”

“Nyumbu ni mapambo tu, Duni.”

Bi Ghania aligeuza shingo kwa mmoja, kisha kwa mwengine, akacheka. Nikamshika mkono.

“Hao hawamalizi leo, mwanangu. Vua viatu upite ndani. Wali umeiva na samaki changu yuko kwenye nazi. Wewe kula, harusi nitakuhadithia mie.”